Homa ya Kinyonga

Mwalimu alikuwa mtu wa kusikia baridi. Naanzia hapo maana ukimuuliza mtu yeyote kijijini kwetu habari zake, kabla hajamsifu wala kumlaani atakuambia hilo kwanza: yule mzee wa makoti. Ndani alivaa sweta ya kijani, juu ya sweta koti, na juu ya koti akavaa koti la mvua ambalo mvua ilikuwa inapita kama kawaida. Kwao ni Kisaki, kule bondeni kwenye treni, tembo na joto la kupasua kichwa. Serikali ikampangia kwetu, juu kabisa milimani, kwenye kabichi na ukungu, naye akapanda na shati la mikono mifupi. "Nilidanganywa," alikuwa akituambia. "Barua ilisema Morogoro. Mimi nikajua Morogoro ni Morogoro."

Jina lake silitaji. Sisi tulimwita Mwalimu, na baadaye, kwa sababu nitakayoieleza, watu wazima wakamwita Mwalimu Kapimwe. Mama yangu peke yake alimwita vingine. Mama alimwita "yule aliyemuua mwanangu." Alimwita hivyo miaka ishirini na saba, akichambua mboga, akitoka kanisani, mbele ya wageni na nyuma yao. Na mimi nilikuwa nakaa hapohapo nimejitia hamnazo, huku nikijua wazi kwamba Mwalimu hakuua mtu. Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema ili usije ukafikiri nakuficha. Nimeshaficha vya kutosha.

Kwetu kinyonga si mnyama wa kuchezewa. Mama akimwona njiani alitema mate na kuzunguka mbali. Wavulana walimtia tumbaku mdomoni, wakakaa kucheka anavyobadilika rangi hadi anakufa. Sasa huyu Mwalimu, hata mwezi hajamaliza, akaingia darasani na kinyonga begani, yule wa msituni mwenye pembe puani. Wasichana tulitoka kwa dirisha, na wa kwanza dirishani nilikuwa mimi. Yeye akasubiri tumalize kupiga kelele, kisha akasema kwa upole, "Mkirudi, fungeni dirisha. Sisi wawili tunasikia baridi."

Ndivyo alivyowapenda. Alisema yeye na kinyonga shida yao ni moja. "Ninyi mna jiko tumboni," alituambia. "Mkila ugali, moto unawaka. Huyu hana jiko. Joto lake liko nje. Asubuhi kabla hajatembea hata hatua moja lazima akaliombe jua." Mtu mmoja nyuma akasema, "Lakini Mwalimu, hata wewe una jiko." Akajibu, "Langu lilizimikia Bigwa, wakati napanda."

Alitupeleka nje kwenye ua wa shule saa moja asubuhi, umande ukitulowesha hadi magotini, tumwangalie kinyonga anavyoamka. Alikuwa mweupe kama amekufa, amejikunja kwenye ncha ya kijiti. Jua likipiga, upande ule wa jua ukaanza kuwa mweusi, mweusi kama sufuria ya kuni, na upande wa pili ukabaki mweupe. Akajibana mbavu, akawa bapa kama jani, akalielekezea jua ubavu. "Anapasha," Mwalimu alinong'ona, kana kwamba tuko kanisani. Mimi niliyekuwa nawaogopa nikasahau kuogopa. Nilisahau hadi miguu ikafa ganzi.

Alikuwa na sanduku la mbao, urefu wake kama kitanda cha mtoto. Upande mmoja aliufunika kioo na kuuelekeza juani, upande wa pili aliujaza majani mabichi na kivuli. Kila upande aliufungia kipimajoto kwa uzi. Humo aliweka vinyonga aliowaokota, hasa waliojeruhiwa na majembe ya wakulima. Mzima, alituonyesha, anapanda upande wa kioo, anapata joto lake, anarudi kivulini. Anapanda, anashuka. Lakini mgonjwa, yule mwenye kidonda kilichotunga usaha, anapanda na hashuki. Saa sita wenzake wote wako kwenye majani, yeye bado yuko kule kwenye moto, mdomo wazi.

Mmoja wa namna hiyo nilimwonea huruma. Mguu umevimba, anahema, nikaona huyu anaungua. Nikamchukua kwa kijiti nikampeleka kivulini, nikaziba tundu la kupitia, katikati ya sanduku, kwa nyasi asirudi. Siku ya tatu alikuwa amekufa. Nilijua nitachapwa, maana Mwalimu, pamoja na upole wake wote kwa wadudu na wanyama, kwa fimbo alikuwa hana mchezo. Ukichelewa dakika tano unainama. Lakini hakunigusa. Aliniambia nikae. "Labda angekufa hata hivyo," alisema. "Sijui, na mtu akikuambia anajua, muulize amejuaje. Ila aliomba jua, wewe ukamnyima." Ningechapwa ningesahau.

Alikuwa hivyo, mtu wa vipande visivyolingana. Alipenda saa kuliko mtu yeyote niliyemjua, na miezi ya ukungu ndiye aliyekuwa anachelewa, eti shuka limemkamata. Alikuwa Mwislamu peke yake kati yetu sisi Wakatoliki wa mlimani. Alifunga Ramadhani bila kumwambia mtu, akaja Krismasi kula kwa kila mtu, tena akiwa na maneno: "Hivi pilau hii mnaipika au mnaiadhibu?" Mkewe alikaa nasi mwaka mmoja, akashuka Kisaki kupasha mwili, akasema hapandi tena. Mwalimu alilisimulia hilo akicheka, na ukimwangalia vizuri macho yalikuwa hayacheki.

Na alikuwa anajua kusema "sijui" mbele ya watoto, jambo ambalo sijaliona kwa mwalimu mwingine. Wiki moja ukungu ulitanda bila jua hata la kuombea. Tukatarajia mgonjwa wa sanduku atapanda tu kwenye kioo. Hakupanda. Alishuka chini kabisa kwenye majani, akapoa, akatulia tuli. Tukamwuliza mbona sasa amegeuza. Mwalimu akakuna ndevu. "Sijui. Nadhani kujichemsha nako kunakula nguvu, na hapa kwenye baridi jua si la uhakika. Akiona hapati la kutosha, anapunguza matumizi, anasubiri." "Anasubiri nini?" "Kesho."

Sasa nifike kwenye lile neno.

Ilikuwa Alhamisi. Mwalimu alisimama mbele ya ubao akatueleza yale tuliyoyaona kwenye sanduku. Nakumbuka alivyosema: "Kinyonga akiugua, homa haimjii kama inavyowajia nyie. Anaifuata mwenyewe. Anapanda juani, anajichemsha kupita kawaida yake, kwa sababu vijidudu vya ugonjwa haviupendi moto ule. Kwake homa ni dawa. Ukimtoa juani umemuua." Tukaandika. Homa ni dawa. Watoto arobaini, madaftari arobaini.

Lugha yetu imetega mtego pale, na sijui kama lugha nyingine zina mtego huo. Homa ni joto la mwili, na homa ni ugonjwa wenyewe. Mtu wa kwetu akisema mtoto ana homa hajui, wala hajali, kama anasema mwili wa moto au anasema malaria. Ni neno moja. Mwalimu alilitumia kusema joto, na alikuwa anamsema kinyonga.

Mimi nililielewa vizuri kabisa. Naomba hilo lijulikane. Baada ya kipindi nilimbebea madaftari kwenda ofisini, tukiwa wawili tu, nikamwuliza kwa sababu nilikuwa na sababu. Tulizaliwa wawili kwa mama, mimi na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa na miaka miwili, na mdogo wangu alikuwa amechemka tangu jana yake.

"Mwalimu, mdogo wangu ana homa. Na yake ni dawa?"

Akasimama. Aliyachukua madaftari mikononi mwangu akayaweka chini, kwenye majani, na hakuwa mtu wa kuweka madaftari chini.

"Si ndiye aliyekuwa Mikese na mama yenu?"

"Ndiye. Wamerudi juzijuzi. Walienda kwa shangazi."

"Sikiliza. Mtu si kinyonga. Yale ya sanduku yaache kwenye sanduku. Mbu wa Mikese hawana masihara, na huyo ni mtoto wa huku juu, mwili wake haujawazoea. Mwambie mama ampeleke zahanati akapimwe damu. Leo, si kesho. Mwambie nimesema mimi."

"Sawa, Mwalimu."

"Rudia."

Nikarudia. Neno kwa neno nilirudia.

Shuleni jina langu lilikuwa Redio Mbao. Hakuna habari iliyonipita, na hakuna niliyoifikisha bila kuitia chumvi. Lakini siku ile sikutia chumvi. Siku ile nilikata. Zahanati ilikuwa mbali, mteremko wa saa tatu kwa miguu, na mama akienda na mgonjwa hulala hukohuko siku mbili tatu. Akiondoka, mimi ndiye wa kubaki na mbuzi na kumwagilia karoti. Na Jumamosi ilikuwa mashindano ya mpira wa pete kwenye shule ya kijiji cha pili, na mfungaji alikuwa mimi. Hiyo ndiyo sababu. Nimeitafutia sababu nyingine miaka yote hii, ya kunitetea kidogo, sijaipata.

Nilimkuta mama ameshamwekea mtoto kitambaa kibichi kichwani, anatafuta kanga ya kumfungia mgongoni.

"Mama, Mwalimu kasema homa ni dawa. Ukiizima umemuua mgonjwa."

"Kasema Mwalimu?"

"Kasema leo. Tumeandika."

Nikamfungulia daftari. Mama alisoma kwa kidole, taratibu, midomo ikicheza. Kwake neno la Mwalimu lilikuwa zito, maana ni yeye aliyemwokolea karoti mwaka ule zilipoingiwa na wadudu. Akakitoa kile kitambaa kibichi kichwani kwa mtoto, akakikamua, akakianika. "Basi tumwangalie hadi Jumapili," akasema.

Jumamosi nilifunga mabao saba. Mengi ya utoto wangu yamenitoka kichwani, lakini hayo saba yapo. Asubuhi ileile, mimi nikiwa uwanjani, mtoto alishikwa na degedege, na mama akambeba akashuka naye mbio. Alifika zahanati anahema, anasema jamani nisaidieni. Mhudumu akamwambia ashushe mtoto. Mama alikuwa hajui kwamba amembeba maiti, sijui tangu kona ipi ya njia. Mimi nilirudi na wenzangu jioni tunaimba nyimbo za ushindi, nikakuta watu wamekaa nje ya nyumba yetu.

Kwenye mazishi Mwalimu alikuja na makoti yake. Mama alimwona, akasukuma watu, akaenda hadi kifuani kwake. "Wewe! Wewe ndiye uliyesema homa ni dawa! Umewaandikisha watoto! Umeniulia mwanangu na midudu yako!" Watu walikuwa wanamshika mikono. Mwalimu alifungua mdomo. Nilikuwa nyuma ya shangazi, nimeshika nguo yake, na Mwalimu akaniangalia. Hakuniangalia kwa muda mrefu. Nilingoja aseme. Nakuapia, kuna upande wangu mmoja ulitaka aseme.

"Ni mimi, mama," alisema. "Ni kweli nilisema. Nisamehe."

Mama akatema mate chini, mbele ya viatu vyake.

Kikaitwa kikao cha wazazi. Madaftari yakaletwa, yote arobaini yana maneno yale, na mwenyewe amekiri. Nani angeuliza zaidi? Sayansi wakamnyang'anya, wakampa darasa la kwanza awafundishe kuimba. Yeye akawarudisha vinyonga wake msituni mmoja mmoja. Sanduku alilipasua kuni, na nadhani hilo ndilo jambo pekee lililowahi kumpasha joto kule juu. Nasema kwa uchungu, msinicheke.

Tangu siku ile neno homa halikutoka mdomoni mwake. Hata mara moja. Alikuwa akisema "mwili umechemka," akisema "joto la ugonjwa," akizunguka neno lile kama mtu anayezunguka shimo. Na ndipo alipoanza ukapimwe wake. Akisikia mtoto wa nyumba fulani amechemka, atafika. Hapigi hodi kwa kelele. Anasimama mlangoni na makoti yake, anaamkiwa shikamoo, anaitikia, halafu anasema, "Kapimwe. Leo." Ukimwambia ni mafua tu: "Kapimwe, wakuambie ni mafua." Ukimwambia huna wa kukusindikiza, anainama umpandishie mtoto mgongoni. Amebeba watoto wa watu kwenye mteremko ule hadi magoti yake yakaharibika. Wakamcheka, wakamchoka, wakamzoea, wakampa jina. Kuna watu wazima leo wanalima kabichi kule juu ambao wangekuwa udongoni kama si yule mzee, na baadhi yao walimwita mchawi wa vinyonga.

Nyumba moja tu hakuthubutu kuikaribia. Alipita mbele ya kwetu kila siku, akasalimia kila siku, "Habari za asubuhi, mama," na mama kila siku akageukia ukuta.

Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilichemka mimi. Nilikuwa nimetoka Morogoro mjini, na usiku ule nilitapika mara tatu. Asubuhi Mwalimu akawa amesimama njiani, mbele ya nyumba, kwenye mvua. Hakusogea hata hatua kuja kwetu, wala hakuondoka. Mama akachungulia dirishani.

"Anataka nini huyu?"

Nilijua anataka nini. Nilisema, "Sijui, mama."

Saa mbili, saa tatu, saa nne. Mvua ya kwetu ya mwezi wa nne unaijua wewe? Inaingia mfupani. Yule mzee wa Kisaki anatetemeka kama kuku, na hatoki. Mwishowe mama akatoka mlangoni, ikiwa ndiyo mara ya kwanza kumwambia neno tangu makaburini. "Ondoka! Umebakiza huyu mmoja, umemjia na huyu?"

"Mpeleke akapimwe, mama, nami nitaondoka."

"Nitampeleka, si kwa ajili yako! Nitampeleka ili nisikuone!"

Mama alinipeleka kwa hasira. Ilikuwa malaria, na kali. Daktari wa pale alisema tumewahi. Wakati wa kurudi mama alitangulia mbele, na mimi nikafikiri sasa, sasa ndiyo nafasi, sema. Sikusema. Nilijiambia nitasema nikipona. Nilipopona nikajiambia nitasema nikimaliza shule. Nikaolewa, nikahamia mjini, nikaanza kununua karoti huko juu na kuzishusha sokoni Morogoro, na kila nikipanda kuchukua mzigo nilimwamkia Mwalimu njiani, yeye akaniitikia, "Marahaba, Redio, biashara inasemaje?" Tukazungumza bei ya karoti. Watu wawili wenye jambo moja, tunajadili bei ya karoti.

Alipostaafu wote tulidhani atashuka kwao siku hiyohiyo. Hakushuka. Mtu aliyelalamikia baridi miaka yote ile akanunua kiwanja kidogo kulekule, upande usiopata jua hadi saa nne. Nilimwuliza, maana mimi kuuliza sijambo. Akacheka. "Kisaki nani ananijua? Hapa angalau wanaonichukia wananifahamu." Ni utani, lakini nilipoteremka siku ile nililia hadi dereva wa pikipiki akasimama kuniuliza kama kuna msiba.

Mara ya mwisho nilimwona mwaka huu, mwezi wa saba, baridi ikiwa kwenye kilele chake. Nilisikia anaumwa, nikaacha mzigo wangu kwa wapagazi nikaenda. Nilimkuta amelala kwenye chumba chenye giza, amepungua, makoti yamemzidi. Nikamwambia twende nje. Nikatoa kiti, nikamwegemeza juani, na jua liliposogea nikasogeza kiti. Mara ya tatu ya kusogeza akafumbua jicho moja. "Naona umejifunza," alisema. "Yule wa kwanza ulimpeleka kivulini."

Nikapiga magoti pale chini. Sikuwa nimepanga.

"Mwalimu, ile Alhamisi ya madaftari..."

"Acha."

"Niache nimalize. Ulinituma. Ulinitaka niyarudie maneno. Nikayakata kwa sababu ya mpira. Wewe ulijua, siku ileile makaburini ulijua, na hukusema. Kwa nini hukusema?"

Aligeuka, akalielekezea jua ubavu. Nilidhani amesinzia.

"Mama yako alikuwa na watoto wangapi?" akauliza.

"Wawili."

"Siku ya mazishi alibaki na wangapi?"

Nikashika mguu wa kiti chake.

"Basi," alisema. "Hesabu ni hiyo tu. Ningekutaja, angerudi nyumbani hana hata mmoja. Usingekuwa mwanawe tena, ungekuwa wewe uliyemuua mwanawe. Akinikosa mimi, amepoteza nini? Mwalimu wataleta mwingine."

"Na wewe je?"

"Mimi nilisema neno bila kulitazama pande zote. Kosa langu lipo, usilichukue lote." Akakohoa, akafuta mdomo. "Nilikuwa na hasira na wewe, usifikiri sikuwa nayo. Mwaka mzima nilikuwa siwezi kukuangalia. Halafu nikakuona unavyokua, umeinamisha kichwa, Redio yote imezima. Nikasema huyu naye amefungwa, tena kifungo chake kirefu."

Nilimwuliza kama nimwambie mama. Akasema yeye hanizuii wala hanitumi. "Ila usimwambie kwa ajili yangu. Mimi nimeshazoea." Nilimwingiza ndani jua lilipoondoka, nikamfunika, nikaondoka. Na unajua nilifanya nini? Niliteremka na karoti zangu. Nilipita mbele ya nyumba ya mama, nikamwachia sukari na sabuni, nikasema nitakuja wiki ijayo tuzungumze. Wiki ijayo, eti. Mtu mzima mwenye watoto wanne.

Simu ilikuja Jumatano asubuhi. Kufika kwangu juu, walikuwa wameshamzika. Waislamu hawachelewi, na Waislamu wenyewe walikuwa sita tu, wamepanda kutoka vijiji vya chini. Wakatoliki wa kwetu walijaa, niliambiwa. Watoto aliowabeba mgongoni, sasa wanaume wenye ndevu, ndio waliobeba jeneza. Kijiji kizima kilitoka isipokuwa mtu mmoja.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba anamenya viazi, saa tisa mchana, kama siku yoyote. "Amekufa yule," alisema, bila kuinua kichwa. "Mungu amemwita akajibu."

"Mama," nikasema, "Mwalimu aliniambia mtoto apelekwe zahanati. Alhamisi ileile. Alisema leo, si kesho. Alisema mwambie mama nimesema mimi. Mimi sikukuambia. Nilitaka kwenda kwenye mpira."

Kisu kikasimama. Nikaendelea, nikamwambia yote, hadi mabao saba, hadi ile hesabu ya watoto. Nilikuwa nasema nikiangalia mikono yake, maana uso sikuweza. Ilishika kiazi kilichomenywa nusu, ikakishika, ikakishika. Nikamaliza. Kuku walikuwa wanapekua maganda miguuni petu. Nilingoja anipige, nilingoja anilaani, na ningeshukuru kwa lolote.

Mama akaweka kiazi kwenye maji.

"Wamemzika wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha, upande ule wa juu wa msitu, pembeni, walipopewa Waislamu. Aliinuka kwa kushika ukuta, magoti yanamsumbua siku hizi, akafunga kanga yake ya pili, akashika njia ya mlima. Hakusema nimfuate. Nilimfuata kwa mbali, na njia nzima mama hakugeuka nyuma.